Ukoga Uleule, Meno Tofauti: Protini Zinazoamua Hatima ya Fizi Zako

Mama mmoja wa makamo kutoka Mkongani, huku kwetu Kwale, alikuwa akija kwangu kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari. Dawa alikuwa akimeza na kliniki alikuwa hakosi, lakini kipimo cha sukari cha asubuhi kabla hajala kilikataa kushuka chini ya 12. Nikamwongezea dawa, wapi. Siku moja nikamwuliza, kwa sauti ambayo nakiri ilikuwa na ukali kidogo:

"Mama, chakula unakifuata kama nilivyokueleza?"

"Nafuata, daktari. Chai nanywa bila sukari, wali nimeupunguza, muhogo nala kipande tu. Labda hiyo mashine yako ndiyo ina makosa."

Akacheka, na alipocheka akainua pindo la leso akaziba mdomo. Ishara hiyo nilikuwa nimeiona mara nyingi nikidhani ni haya za kawaida. Safari hii nikamwomba aishushe leso na afungue kinywa. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameachana. Fizi zilikuwa zimevimba na kugeuka rangi ya zambarau mbivu, na nilipozigusa kwa pamba zikatoa damu papo hapo. Gego moja la chini lilicheza kama kigingi kilichopigwa mchangani.

"Hayo ni meno ya ukoo, daktari," akasema. "Mamangu alikwisha meno kabla mimi sijaolewa. Nangoja mavuno nipate nauli niende yang'olewe yote mara moja, nipumzike."

Nilikuwa nimemtibu mama huyu kwa miaka miwili. Nilimwangalia macho, miguu na figo, kama tulivyofundishwa. Kinywa chake sikukichungulia, isipokuwa ulimi. Makala haya yametokana na kosa hilo langu, na pia na swali alilolizusha bila kujua: ni kweli kuna meno ya ukoo? Kwa nini jirani yake, anayepiga mswaki mara moja kwa wiki, ana meno yote thelathini na mawili?

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Watu wengi wa pwani wakiona damu kwenye fizi husema ni kiseyeye. Kiseyeye hasa ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ile ipatikanayo katika machungwa, ndimu, mapera na mboga za majani. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kufuma vyema kolajeni, ile protini ya nyuzinyuzi inayoshikilia ngozi, mishipa na fizi. Pwani yetu iliwahi kuushuhudia ugonjwa huo. Mabaharia wa Vasco da Gama walipokuwa wakipanda na ufuo wa Afrika Mashariki mwaka 1498, fizi zao zilivimba hata zikafunika meno wasiweze kula, na waliporudi kutoka Bara Hindi Januari 1499 wakiwa hoi, walitafutiwa machungwa huko Malindi. Lakini mtu wa Kwale anayekula maembe na mchicha si rahisi apate kiseyeye cha namna hiyo. Damu anayoiona kwenye mswaki au kwenye hindi la kuchoma, mara nyingi sana, inatokana na ugonjwa wa fizi wa kawaida, na huo hauponi kwa machungwa.

Ugonjwa wa fizi una hatua mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Katika hatua ya kwanza ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoa damu unapoguswa, lakini mfupa ulioshikilia jino bado ni mzima. Hatua hii hupona kabisa. Katika hatua ya pili ufizi huachana na jino na kufanya mfuko, uchafu huingia ndani ya mfuko huo, na chini kabisa mfupa wa taya unaliwa kidogo kidogo hata jino linakosa pa kushika. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe kama ulivyokuwa. Tunachoweza kufanya ni kuuzuia uliobaki usiliwe.

Chanzo ni ukoga, yaani ule utando laini, wa rangi ya maziwa yaliyochacha, unaojenga kwenye meno hasa pale jino linapokutana na ufizi. Si mabaki ya chakula kama wengi wanavyodhani. Ni mji mzima wa bakteria waliojishika kwenye jino na wanaoishi kwa kushirikiana. Ukiachwa siku nyingi hushika chokaa kutoka kwenye mate ukawa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauutoi tena.

Kwamba ukoga ndio unaovimbisha fizi lilithibitishwa mwaka 1965 kwa jaribio rahisi mno. Huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Baada ya siku 10 hadi 21 kila mmoja wao alikuwa na fizi zilizovimba. Wakaanza tena kusafisha, na kwa muda wa kama wiki moja fizi zikarudi katika hali yake. Mtu akikuambia damu ya fizi ni damu ya joto, au ni ya kupigwa mswaki kwa nguvu, mkumbushe hao watu 12.

Hapo ungedhani hadithi imekwisha: mchafu atang'oka meno, msafi atabaki nayo. Sivyo ilivyo.

Löe huyohuyo na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa mashamba ya chai huko Sri Lanka tangu mwaka 1970 hadi 1985. Walikuwa wanaume 480 ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala hawakuwa na daktari wa meno. Wote walikuwa na ukoga tele na fizi zilizovimba. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1986 yaliwashangaza wengi. Asilimia 8 ya watu hao walipoteza mfupa kwa kasi kubwa. Asilimia 81 walipoteza kwa mwendo wa wastani. Na asilimia 11, kwa uchafu uleule, hawakuendelea zaidi ya kuvimba fizi.

Hapa Kenya pia tuna ushahidi wetu, na mimi naupenda zaidi kwa sababu ni wa nyumbani. Mwaka 1988 Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha uchunguzi wa zaidi ya watu 1,100 wa mashambani Machakos, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga ulikuwa kila mahali na fizi zenye kutoa damu zilikuwa jambo la kawaida, lakini uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache, na wazee wengi walikuwa bado wana meno yao mengi vinywani. Watafiti hao wakasema wazi kwamba fizi kuvimba si lazima kuishie kwenye kung'oka meno.

Basi tofauti iko wapi? Iko ndani ya mtu mwenyewe, katika namna mwili wake unavyoujibu ukoga. Na lugha ambayo mwili hutumia kutoa jibu hilo ni protini.

Neno protini kwa wengi wetu ni maharagwe, mayai na samaki. Hizo ni protini za kula. Protini ninazozungumzia hapa mwili huzitengeneza wenyewe, kwa aina maelfu, na nyingi ni ndogo kiasi cha kutoonekana hata kwa darubini ya kawaida ya maabara. Nyingine ni ujumbe unaotumwa kutoka chembe moja hadi nyingine. Nyingine ni visu. Nyingine ni breki.

Fikiria kijiji usiku. Mwizi ameingia zizini na mwenye nyumba anapiga ukunga. Majirani wanaamka, wanatoka na marungu na mapanga, wanakimbia kuelekea sauti inakotoka. Mwizi anafukuzwa, lakini asubuhi utakuta mihogo imekanyagwa na ua umevunjwa. Hasara hiyo ni ndogo ikiwa watu watarudi kulala mwizi akishatoroka. Sasa fikiria mwizi hatoroki, anajificha kichakani hapohapo, na ukunga unapigwa usiku baada ya usiku kwa miaka kumi. Shamba halitabaki. Na aliyelimaliza si mwizi.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenye fizi. Chembe za ufizi zina protini juu ya ngozi yake zinazoutambua mwili wa bakteria. Zikimgusa tu, chembe hizo hupiga ukunga kwa kutoa protini za ujumbe. Mbili kati ya hizo ndizo kubwa: moja huitwa intalukini-1, na nyingine hujulikana kwa herufi TNF, jina lililotolewa mwaka 1975 na watafiti wa saratani walioona ikiua uvimbe wa saratani katika panya. Protini hizi hupanua mishipa midogo ya damu, na ndiyo maana ufizi huwa mwekundu na hutoa damu kwa kuguswa tu. Pia huifanya kuta za mishipa iwe na kunata, ili askari wa damu wanaopita waweze kushika na kutoka nje. Nyingine, intalukini-8, huwaonyesha askari hao njia kama mtu aliyesimama njia panda na kurunzi.

Tangu enzi za Warumi, bwana mmoja aitwaye Celsus alikwisha kuziandika alama nne za hali hii: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ubaya wa fizi ni kwamba alama ya nne mara nyingi haipo. Ugonjwa huu hauumi mpaka umekwisha kufika mbali, na sisi Waafrika wa Mashariki tumezoea kwenda hospitali tunapoumwa.

Askari wa kwanza kufika ni chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Ni mashujaa na bila wao tungekwisha. Lakini silaha zao hazichagui. Mojawapo ni kimeng'enya kinachokata kolajeni, kiitwacho kolajenesi. Hapa niruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Kimeng'enya cha kwanza cha aina hii kiligunduliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière, na walikikuta katika mkia wa kiluwiluwi. Wewe uliyecheza mtoni ukiwa mtoto unajua kwamba kiluwiluwi anapogeuka chura, mkia haukatiki ukaanguka; unapungua kila siku mpaka umekwisha. Ni kolajenesi inayoula. Basi nyuzi zinazofunga jino kwenye taya huyeyushwa kwa njia inayofanana na hiyo, taratibu, bila maumivu, na kazi inafanywa na mwili wenyewe. Kolajenesi hiyo ya nyutrofili huweza hata kupimwa katika majimaji ya kinywa, na huko Ufini watafiti wameitengenezea vipimo vya haraka vya kutumia kwenye kiti cha daktari wa meno.

Baada ya nyuzi huja zamu ya mfupa. Mfupa si jiwe. Kila siku kuna chembe zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga, na kwa mtu mzima mwenye afya hesabu hulingana. Anayeamua hesabu hiyo ni protini mbili zinazopingana. Ya kwanza, iitwayo RANKL, huziamsha chembe zinazokula mfupa. Ya pili, iliyogunduliwa mwaka 1997 na kupewa jina la ostioprotegerini, maana yake mlinzi wa mfupa, huidaka ile ya kwanza kabla haijafika. Ukunga wa intalukini-1 na TNF ukiendelea kwa muda mrefu, RANKL huongezeka na mlinzi huzidiwa. Kwenye picha ya eksirei utaona mfupa kati ya meno umeshuka kama udongo uliochukuliwa na mvua.

Sasa, nani huwaambia majirani warudi kulala? Zipo protini za kazi hiyo, nazo ndizo wataalamu wamezichimba zaidi katika miaka ya karibuni. Intalukini-10 hupunguza makali ya askari. Kuna nyingine iliyofanana na intalukini-1 kwa umbo, lakini haina ujumbe wowote. Hukalia mlango ambao intalukini-1 ingeingilia, na mlango ukishakaliwa ujumbe haufiki. Zipo pia zinazovifunga vile visu vya kolajenesi.

Mojawapo ya breki hizi ni protini iitwayo Del-1. Hutengenezwa na kuta za mishipa ya damu, na kazi yake ni kuwafanya nyutrofili washindwe kunata na kutoka ovyo. Mwaka 2012 George Hajishengallis na wenzake walionyesha kwamba panya wasio na Del-1 hupoteza mfupa wa taya wakiwa bado vijana, kwa sababu nyutrofili humiminika kwenye fizi bila kizuizi. Panya wa kawaida nao, wakizeeka, Del-1 yao hupungua na mfupa huanza kuliwa. Wakiwekewa protini hiyo kwenye fizi, uharibifu hupungua. Mwaka 2015 ilijaribiwa kwa nyani na ikaonyesha dalili hiyohiyo. Hiyo bado si dawa dukani, lakini inatueleza kitu: uzee wenyewe hauli meno, ila breki huchakaa.

Ungeweza kuuliza, basi si afadhali askari wasiwepo kabisa? La hasha. Wapo watoto wachache mno duniani wanaozaliwa bila protini ambayo nyutrofili huitumia kushika ukuta wa mshipa. Askari wao hubaki ndani ya damu wasiweze kutoka. Ungetarajia fizi zao ziwe salama kwa kukosa vita. Kinyume chake, watoto hao hupoteza meno mapema mno, kwa sababu nyutrofili wasipofika kwenye ufizi ukunga haunyamazishwi, na protini nyingine iitwayo intalukini-17 huzidi kupiga kelele mpaka mfupa unaliwa. Kinachotakiwa ni kiasi.

Bakteria nao si wajinga. Yupo mmoja maarufu kwa jina la Porphyromonas gingivalis, ambaye hutoa vimeng'enya vyake vya kukatakata protini za kinga yetu. Hahitaji kuwa wengi. Huvuruga ukunga, askari wakawa wanapigana bila kuua, na bakteria wengine wote wakafaidi, kwa kuwa nyama inayobomolewa ndiyo chakula chao.

Turudi kwa mama wa Mkongani na meno yake ya ukoo. Hakuwa amekosea kabisa. Uchunguzi wa jozi 117 za pacha, uliochapishwa Marekani mwaka 2000, ulikadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika ugonjwa huu inatokana na urithi. Tunarithi vipimo vya protini hizi kama tunavyorithi kimo. Lakini nusu nyingine haijaandikwa kwa wazazi, na kwa upande wake sehemu kubwa ilikuwa sukari.

Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu hugandamana na protini za mwili, kolajeni ikiwemo, na kuzifanya ngumu na mbovu. Mwili huzitambua protini hizo zilizoharibika kama adui na kupiga ukunga zaidi. RANKL huongezeka, nyutrofili hawafi kwa wakati wao, kidonda hakifungi. Kwa hiyo mwenye kisukari kisichotawaliwa huharibikiwa fizi kuliko wengine.

Lililonichoma mimi ni upande wa pili wa habari hiyo. TNF na nduguye intalukini-6 hazibaki kinywani. Eneo la fizi zilizovimba mdomo mzima, ukilikunjua, laweza kuwa kama kiganja cha mkono. Kama mama huyu angekuja na kidonda chenye ukubwa huo kwenye mguu, ningekitibu siku hiyohiyo. Protini hizo huingia kwenye damu, huzunguka mwilini, na kuifanya insulini isifanye kazi vyema. Yaani sukari huharibu fizi, na fizi huizuia sukari kushuka. Tathmini kubwa ya majaribio mengi iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba kutibu ugonjwa wa fizi kwa wenye kisukari hushusha kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kwa takriban asilimia 0.4 ndani ya miezi mitatu hadi minne. Si nyingi, lakini zipo dawa za vidonge tunazoziongeza kwa matumaini ya kupata kiasi kisichozidi sana hicho.

Wengine wanaopaswa kujiangalia ni wavutaji sigara. Hawa wana hatari ya namna yake, kwani sigara hubana mishipa ya damu na ufizi hautoi damu hata ukiwa mgonjwa. Mtu anajiona mzima mpaka jino linacheza. Mama mjamzito naye hutoa damu kwa urahisi kwa sababu homoni za ujauzito huongeza makali ya ukunga. Mtoto hanyonyi meno ya mamaye kama watu wasemavyo, na kwa wengi hali hutulia baada ya kujifungua ikiwa ukoga umeondolewa. Waishio na virusi vya ukimwi bila kutumia dawa huweza kupata fizi zinazooza kwa haraka na kwa maumivu makali, na hao wasingoje hata siku moja.

Mtauliza, kwa kuwa tumezijua protini hizi, kwa nini tusizifunge kwa dawa? Imejaribiwa. Doksisaiklini ya kiasi kidogo, miligramu 20, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, si kwa kuua bakteria bali kwa kuvizuia visu vya kolajenesi. Husaidia kiasi, ikiandamana na usafishaji wa daktari. Haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Zipo sindano zinazozuia protini nyingine za kinga, nazo bado ziko kwenye majaribio. Ukizima ukunga wote, siku mwizi wa kweli atakapokuja hakuna atakayeamka, kwa hiyo wataalamu huenda polepole na wana haki.

Kwa sasa njia iliyo wazi ni ileile ya watu 12 wa Aarhus: kuondoa kinachosababisha ukunga upigwe. Nyumbani, safisha meno mara mbili kwa siku, na mswaki uelekee pale ufizi unapoanza, si kwenye uso wa jino tu. Mswaki wa mti, kama ulivyo wa wazee wetu, hufanya kazi vizuri ukitafunwa ncha mpaka ikawa laini na ukipitishwa pia upande wa ndani, ambako wengi huusahau. Kati ya meno pitisha uzi au kijiti chembamba. Usikwepe mahali panapotoa damu. Hapo ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, na damu yenyewe itakoma baada ya siku chache. Ikiwa haikukoma baada ya wiki mbili, tatizo limeshuka chini ya ufizi na mswaki hauwezi kulifikia.

Hapo ni kazi ya daktari wa meno. Atapima kina cha mifuko kwa kijiti chenye alama za milimita. Hadi tatu ni kawaida, zaidi ya hapo kuna jambo. Kisha atakwangua ukoga mgumu mpaka kwenye mzizi. Wengine hukimbia wakisema ukoga ukitolewa meno hulegea. Ukweli ni kwamba meno yalikwisha kulegea na lile jiwe ndilo lililokuwa limeyafunga pamoja kama saruji. Na tafadhali usinunue vidonge vya antibiotiki dukani ukadhani umemaliza. Dawa haiupenyi mji wa bakteria uliojijenga kwenye jiwe. Uvimbe hushuka wiki moja, ukarudi, na bakteria waliobaki wamekwisha kuizoea dawa. Maji ya chumvi hutuliza, hayatibu.

Mama wa Mkongani nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa meno juma lilelile, kabla ya mavuno. Nauli ilitolewa na kaka yake. Alisafishwa kwa siku tatu tofauti, gego lililocheza na jino jingine moja vikang'olewa kwa kuwa havikuwa na mfupa tena, na yaliyobaki yakaachwa. Mimi nami nilibadilisha dawa zake za sukari, kwa hiyo siwezi kusema fizi peke yake ndizo zilizoleta nafuu; kipimo cha asubuhi sasa ni 8, siku nyingine 9. Yale meno ya mbele bado yameachana na yataendelea kuachana. Nilipomwuliza mahindi anakulaje, akasema anapukuchua kwanza.

Mwezi uliopita alikuja na wifi yake, ambaye hana kisukari ila anatafuna tambuu ya tumbaku tangu ujana. Kabla sijamwuliza habari, wifi mtu alikuwa amekwisha kufungua kinywa.